Barua ya wazi kwa wanaosimamia Timgad: kila ndoo ichekechwe

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Utamaduni na Sanaa ya Algeria. Kwa mnaolitunza eneo la kale la Timgad, magofu ya mji wa Kirumi mkoani Batna. Na kwa Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO, Paris.

Asalaam alaikum.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, ambamo Algeria na Tanzania zote zimo, na kwa kuwa nataka wenzangu wa huku tulio kwenye kazi hii waisome barua kabla haijawafikia ninyi kwa tafsiri. Ninalo ombi moja. Timgad msiichimbe tena kwa upana. Ichimbeni kidogo, pole pole, na kila ndoo ya udongo itakayotoka ichekechwe na kuoshwa kabla haijamwagwa. Na kabla ya jembe la kwanza, zifungueni kumbukumbu za waliochimba zamani.

Kazi yangu ni akiolojia, na sikuingia kwa mlango wa chuo. Nilikuwa kijana wa kijijini, mkoa wa Lindi, watafiti walipokuja kuchimba shimo la mita mbili kwa mbili kwenye shamba la minazi nyuma ya magofu. Walitafuta vibarua, nami nikapewa chekecheke. Wiki ya kwanza niliona nimeonewa: wenzangu wamo shimoni na miiko yao, mimi natikisa wavu tangu asubuhi, vumbi limenijaa puani. Kisha likaja tabaka jeusi la majivu. Udongo wake hatukuuchekecha mkavu. Tuliumimina kwenye pipa la maji, tukaukoroga taratibu, na vilivyoelea tukaviopoa kwa kipande cha chandarua. Vilipokauka kivulini juu ya gazeti, zikaonekana punje za mtama zilizoungua, nyeusi tii, nyepesi kiasi kwamba pumzi ingezipeperusha. Bibi yangu alikuja siku hiyo kutuletea uji. Akasimama, akatazama, akauliza kama kweli watu wametoka mbali kuja kuchambua jalala la wafu. Nikamwambia ndivyo. Akaketi jamvini akaanza kuchambua nasi, na mpaka jua linatua alikuwa ametenga miiba ya samaki mafungu matatu: hii ya changu, hii ya tasi, hii ya pono. Mtaalamu wa mifupa alipofika wiki mbili baadaye, alichobadilisha kwenye mafungu ya bibi kilikuwa kidogo sana.

Timgad nilikuja miaka mingi baadaye, nikiwa bado na macho ya mtu wa chekecheke.

Ilikuwa mwezi wa Machi. Kutoka Batna mjini ni mwendo wa kilomita kama 35 kuelekea mashariki, na upande wa kusini milima ya Aures ilikuwa bado na theluji vileleni, kitu ambacho mtu wa Lindi hakizoei hata akikiona mara ngapi. Niliingia nikiwa nimeshasoma yote ya vitabuni. Kwamba mji huu ulianzishwa na Kaizari Trajan mwaka 100 B.K. uwe koloni la askari wastaafu. Kwamba jina lake rasmi lilibeba Marciana, jina la dada yake. Kwamba kikosi cha Legio III Augusta, chenye kambi yake Lambaesis hapo jirani, ndicho kilichoujenga. Nilijua kuwa mji wa mwanzo ulikuwa kama mraba wa mita 355 hivi kila upande, uliokatwakatwa na barabara zilizonyooka kama ubao wa drafti, na kwamba haukupita muda mrefu watu wakaumwagikia nje ya mraba huo hadi hekalu kuu la Capitolium na mabafu makubwa yakajengwa nje yake.

Yote hayo niliyajua. Ila sikuwa tayari kwa mitaro ya magurudumu. Kwenye barabara kuu, Decumanus Maximus, magurudumu ya mikokoteni yamekula jiwe, na mitaro hiyo inakwenda sambamba ukipita chini ya tao la Trajan. Nilipiga magoti nikaingiza vidole. Jiwe ni laini ndani yake kama kinu cha zamani. Ni mizigo mingapi iliyopita pale? Ya nini? Magunia ya ngano, mitungi ya mafuta ya zeituni, kuni, marobota ya sufu? Nilitazama kibao cha maelezo, kisha nikamuuliza aliyekuwa akitutembeza, kijana mwungwana wa hapo hapo Timgad. Akanijibu kwa unyofu: majengo tunayajua, mizigo hatuijui.

Waheshimiwa, jibu la kijana huyo ndilo lililonifanya niandike.

Timgad ni mji ambao mawe yake yanajulikana kuliko miji mingi ya zama zake duniani. Tunajua kwamba maktaba yake ilitokana na wasia wa mtu aitwaye Rogatianus, na gharama yake imeandikwa: sestersi 400,000, sarafu za Kirumi. Tunajua kwamba tajiri Sertius na mkewe waliujengea mji soko, na ukilitembelea utaona meza za mawe zilizoziba midomo ya vibanda, kiasi kwamba mwuzaji alilazimika kuinama apite chini ya meza yake kila asubuhi aingie kazini. Ukumbi wa michezo ulichukua watu kama 3,500. Mabafu yaliyotambuliwa ni 14. Vyoo vya umma karibu na uwanja mkuu vina sehemu za kuegemeza mikono zilizochongwa umbo la pomboo, na mchongaji aliifanya kazi hiyo kwa upendo hasa, mpaka leo ukiutazama uso wa pomboo unaona macho. Na sakafuni pa uwanja huo kuna maandishi mashuhuri ya Kilatini, yaliyopangwa kama ubao wa mchezo: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, hayo ndiyo maisha.

Nani, basi, alikuwa akichochea moto wa mabafu 14? Kuni za kazi hiyo zilitoka mti gani, na ulipokwisha karibu na mji, walikwenda kuukata wapi? Aliyeinama chini ya meza ya jiwe pale sokoni aliuza nini? Aliyesafisha vile vyoo vya pomboo alilala chumba gani, alikula nini usiku? Haya hayakuandikwa kwenye jiwe. Yaliandikwa kwenye majivu, kwenye tope la mifereji, kwenye mifupa iliyotupwa uani. Na Timgad ilipochimbwa, majivu na tope na mifupa ndivyo vilivyoondolewa ili mawe yaonekane.

Sitaki kumwonea mtu aliyekwisha kufa. Msafiri Mskochi James Bruce alipopita hapo mwaka 1765, sehemu kubwa ya mji ilikuwa imefunikwa na udongo. Wafaransa walianza kuchimba mwaka 1881, na msanifu majengo Albert Ballu akaiongoza kazi hiyo tangu 1889 hadi 1927. Kwa kipimo cha usanifu alifanya mengi: ramani zake ni safi, nguzo nyingi zilizolala alizisimamisha. Lakini msanifu majengo hutafuta jengo. Waliteremka moja kwa moja hadi kwenye mawe ya barabara ya Kirumi, na vyote vilivyokuwa juu ya barabara hiyo vikahesabiwa kifusi. Ukuta wa udongo uliojengwa kukatiza barabara ni kifusi. Jiko lililochimbwa kwenye sakafu ya ukumbi wa kifahari ni kifusi. Katika miji mingi ya Afrika Kaskazini, nyumba za watu walioishi baada ya utawala wa Kirumi, hata za karne za mwanzo za Uislamu, ziliondolewa hivyo hivyo bila kuchorwa.

Haikuwa haraka tu. Utawala wa kikoloni wa Ufaransa ulijiona mrithi wa Roma katika ardhi yenu, na ulihitaji mji wa Kirumi usio na mtu mwingine juu yake. Ninyi mnalijua hilo kuliko mimi. Ninachotaka kusema ni kwamba picha tuliyorithi, ya Timgad nadhifu, mraba, kielelezo cha mji uliopangwa, imetengenezwa kwa sehemu na sururu za miaka ile. Mji ulioishi ulikuwa na fujo zaidi. Watu walihamisha kuta, waliunganisha viwanja viwili kuwa kimoja, walivamia njia kwa vibanda, kama watu wa mji wowote mnaoujua. Nasi tunaendelea kuwaonyesha wageni mji ambao hakuna aliyewahi kuishi ndani yake ukiwa hivyo.

Msidhani nimekuja na malalamiko matupu. Yapo yaliyonipa moyo, na mojawapo liko kwenye ramani zile zile za kale. Andrew Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford alizirudia ramani na maelezo ya uchimbuaji wa zamani, na katika nyumba ambazo watangulizi wake walizipita, akatambua beseni na matangi ya kufulia na kukandia nguo za sufu. Si nyumba moja wala mbili. Ni karakana nyingi, hasa pembe ya kaskazini mashariki ya mji. Mji ulioaminika kuwa wa wastaafu wa jeshi wanaoota jua ukageuka mji wa viwanda vya nguo, wenye harufu ya mkojo na sabuni ya udongo, wenye watu wakikanyaga nguo kwa miguu siku nzima. Hakuna aliyechimba hata sentimita moja. Karatasi zilisomwa upya, basi.

Sasa fikirini kama karatasi zote zingepatikana. Shajara za wachimbuaji, picha za vioo, orodha za vitu vilivyookotwa, barua kati ya eneo la kazi na wakubwa wao. Hizo zimegawanyika kati ya Algeria na Ufaransa, na kwa mtafiti kijana wa Batna kuzifikia ni safari ya viza na barua za utambulisho. Kwa wa Dar es Salaam ni hivyo mara mbili. Niliwahi kuomba kuona vigae vya Timgad katika taasisi moja ya Ulaya, ambayo sitaitaja. Baada ya miezi ya kuandikiana nililetewa sanduku la mbao, zuri, lenye bawaba za shaba. Ndani mlikuwa na vigae vyekundu vya vyombo vya mezani, na kimoja kilikuwa na alama ya kidole gumba cha mfinyanzi kwenye kitako, wazi kabisa, mpaka mikunjo ya ngozi. Juu ya sanduku paliandikwa neno moja tu: Timgad. Hapakuwa na mtaa, nyumba, kina wala mwaka. Nilikishika kile kigae muda mrefu. Mtu huyu alikuwa ametuachia kidole chake, na sisi tukapoteza anwani yake.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo: serikali za Algeria na Ufaransa zikae, zikubaliane, kumbukumbu zote za uchimbuaji wa Timgad zipigwe picha na kuwekwa mahali ambapo yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Halihitaji jengo jipya.

La udongo ni gumu zaidi, maana udongo mwingi umekwisha kuondoka. Hata hivyo haujaisha. Pembezoni mwa mji yako maeneo ambayo hayajaguswa. Chini ya mawe ya barabara kuna mifereji ya majitaka. Chini ya sakafu za nyumba kuna tabaka ambazo wachimbuaji wa zamani waliziacha kwa kuwa walichokitaka kilikuwa sakafu yenyewe. Na yapo malundo ya kifusi chao, ambayo nayo ni ya kuchekechwa. Kifusi kimepoteza mpangilio wake, ndiyo, ila punje ya shayiri ni punje ya shayiri, na meno ya nguruwe au ya ngamia hayabadiliki kwa kuhamishwa mita mia.

Tazameni kilichotokea Italia walipogeukia mifereji. Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano pamoja na jirani yake Pompeii, chini ya mtaa waliokaa wenye maduka na wapangaji wa vyumba vya juu, watafiti walitoa zaidi ya magunia 700 ya kinyesi cha kale kilichokauka, wakakiosha na kukichambua. Humo mlikuwa na mbegu za tini, mayai ya kuku yaliyovunjika, samaki wa aina nyingi, viungo vya chakula kutoka mbali. Kumbe wapangaji wa kawaida walikula vizuri kuliko tulivyofundishwa. Na Pompeii, ambayo ilikuwa koloni la Kirumi tangu 80 K.K. kama Timgad ilivyokuja kuwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walichunguza mifereji ya migahawa midogo karibu na Lango la Stabia. Kwenye mmoja wa mifereji hiyo wakakuta kiungo cha mguu wa twiga, chenye alama za kisu. Twiga! Mnyama aliyevuka jangwa na bahari akaishia sahanini kwa mteja wa mgahawa wa mtaani. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2014, niliipeleka darasani kesho yake asubuhi, na wanafunzi wangu hawakutaka kipindi kiishe. Majumba ya kifahari ya Pompeii yamechimbwa tangu 1748. Twiga alingoja mpaka alipopatikana mtu wa kuchekecha tope la mfereji.

Sijui ni lini Timgad ilipata mtu kama huyo kwenye mifereji yake, na ningefurahi kuambiwa kuwa yupo tayari. Kama sehemu ya mfereji yenye tope la kale imesalia, hata mita mbili, ilindeni kama mnavyolinda mozaiki. Msiruhusu isafishwe kwa ajili ya kupitisha maji ya mvua.

Kuna watu ambao bila udongo hatutawapata kabisa. Huko Zarai, magharibi ya Lambaesis, liliwekwa mwaka 202 bango la jiwe la ushuru wa bidhaa. Limeorodhesha wanyama, nguo, ngozi, na mtumwa. Ushuru wa mtumwa mmoja ni sawa na wa farasi mmoja: denario moja na nusu. (Dinari yenu ya leo, na dinari ya hadithi zetu za pwani, jina lake linatokana na hiyo denario.) Watu hao walioandikwa pamoja na farasi na nyumbu walipelekwa wapi? Bila shaka wengine waliishia kwenye miji kama Timgad, kwenye yale mabafu, kwenye zile karakana za nguo. Hawakujenga maktaba wala hawakuchonga majina. Mwaka 2021, kwenye jumba la shamba la Civita Giuliana nje kidogo ya Pompeii, kilifunuliwa chumba chenye vitanda vitatu vya mbao, kimoja kifupi kana kwamba cha mtoto, na mitungi na vyombo vya kazi pembeni. Wataalamu wakakitambua kuwa makazi ya watumwa. Kimepatikana kwa sababu aliyechimba hakuwa akitafuta marumaru. Mimi ninatoka pwani ambayo watumwa waliuzwa mpaka wakati wa babu wa babu zetu, na siwezi kutembea Timgad nikajifanya sijaliona pengo hilo.

Sisi pia tulikosea namna hiyo hiyo. Kilwa ilichimbwa na Neville Chittick, mtu aliyeijua kazi yake, na bila yeye tusingekuwa na mpangilio wa tarehe wa mji ule. Lakini jicho lake lilivutwa na mawe: Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu, makaburi. Kwa miaka mingi tukafundisha kana kwamba Waswahili wote wa kale waliishi kwenye nyumba za matumbawe na chokaa. Baadaye, Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, watafiti walipima uwanja uliodhaniwa kuwa mtupu kwa vifaa vya kupima usumaku wa ardhi, wakachimba palipoonyesha dalili, na wakapata nyumba za fito na udongo. Walichunguza kemia ya udongo na chembechembe za mimea ili kujua watu walifanyia wapi kazi gani. Uwanja mtupu ukajaa watu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, Timgad mwaka uliofuata, 1982. Tumekaa bega kwa bega kwenye orodha ile kwa zaidi ya miaka 40 na hatujawahi kukopeshana hata chekecheke.

Nyumbani kwenu pia kuna mfano. Mwanaakiolojia Mfaransa Jean Lassus alichimba ngome ya Kibizanti, yaani ya dola ya Kirumi ya Mashariki, kusini mwa mji, ile iliyojengwa mwaka 539 na jemadari Solomon kwa mawe yaliyong'olewa mjini. Hakuidharau ngome kwa kuwa imekuja baada ya Roma, na chini yake akafikia patakatifu pa chemchemi, Aqua Septimiana Felix, na mabwawa yake. Aliyeheshimu tabaka la juu alipewa na la chini.

Na karne za mwisho za Timgad zina mambo mazito ambayo wageni hawaonyeshwi. Kutoka zama za Kaizari Julian, katika miaka ya 360, limebaki jiwe lenye utaratibu wa kumwamkia liwali na ada za mahakama, na ada hizo zimetajwa kwa vipimo vya ngano. Mwenye kesi alibeba gunia. Kizazi kimoja baadaye Timgad ilikuwa ngome ya Wadonati, Wakristo wa Kiafrika waliokataa kuwa chini ya kanisa lililoungwa mkono na dola, na askofu wao Optatus alitikisa Numidia nzima, jimbo la Kirumi la huko, hadi alipokufa gerezani. Kisha watu wa Aures wakaubomoa mji ili jeshi la Kibizanti lisipate sababu ya kuja kukaa karibu nao. Ndivyo alivyoandika Procopius, mwanahistoria wa Kibizanti wa wakati huo. Mashimo ya ngano, majengo ya Wadonati, majivu ya siku mji ulipobomolewa: hiyo ndiyo historia ya Waafrika wakiamua mambo yao, na yote ilikuwa kwenye tabaka za juu, zilizoondoka kwanza.

Najua mna mzigo mkubwa. Mawe yanapasuka kwa baridi ya usiku, nyasi zinang'oa mozaiki, mbuzi wanapita, bajeti haitoshi. Mlifanya vyema sana kuujengea tamasha la muziki ukumbi mpya kando, ule wa kale ukapumzika na vishindo vya vipaza sauti. Uamuzi kama huo unaonyesha kuwa mnasikia. Ndiyo maana siombi mamilioni ya kufukua mtaa mzima. Fedha za ukarabati zikipatikana, kila mahali nguzo inapohitaji msingi mpya au bomba linapohitaji mtaro, shimo hilo lichimbwe na mwanaakiolojia kwa tabaka, na udongo wake uende kwenye maji. Mozaiki ikihamishwa, kilicho chini yake kichukuliwe sampuli kabla ya saruji. Pipa, pampu ndogo na chandarua havizidi bei ya kibao kimoja cha maelezo cha chuma.

UNESCO, kwenu ninalo la kukumbusha. Mwaka 1972 mliitikia wito wa Tunisia, mataifa mengi yakaja kuiokoa Carthage isimezwe na majengo mapya. Kila timu ikachukua kiwanja chake, ikachimba kwa tabaka, na elimu ya vyombo vya udongo vya Bahari ya Kati yote ikabadilika kwa kazi ile. Nayo Carthage, kama Timgad, ilikuwa koloni la Kirumi. Fanyeni hivyo Timgad kwa kiasi kidogo, na safari hii waiteni Waafrika wa pande zote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu 1985. Tuna vijana wanaojua kutofautisha tabaka la mvua na tabaka la miguu ya watu kwa kupitisha mwiko tu, na wanaishia kuuza vocha kwa kukosa mahali pa kuchimba. Waje Batna miezi miwili kila mwaka, na wa Batna waje Kilwa. Lugha haitakuwa kikwazo; kwenye chekecheke watu huelewana kwa vidole.

Wale vibarua wa zamani wa Timgad, waliobeba udongo kwa Ballu, wapo kwenye picha chache, wamejipanga mbele ya nguzo wakiwa na vilemba na majembe, bila majina. Wajukuu na vitukuu wa watu kama hao wanaishi kwenye mji wa leo, hatua chache kutoka lango la magofu. Nilikunywa chai kwa mmoja wao. Mama mwenye nyumba alikuwa akipepeta ngano kwenye ungo sakafuni, na mkono wake ulitenga punje, kokoto na mbegu za magugu bila hata kutazama, huku anazungumza nasi. Nilimkumbuka bibi yangu na mafungu yake ya miiba. Mkianza kazi, kabla ya kumwita mtaalamu wa mbegu kutoka ng'ambo, mwiteni mama huyo. Mlipeni ujira wa mtaalamu, na mumwekee kiti kivulini, karibu na pipa.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa akiolojia, Lindi, Tanzania